Tumsingizie Fuma Mpaka Lini?

Wengi huomba nafasi katika jarida hili la chama chetu ili kutoa nasaha au kujisifu kidogo. Mimi nimeiomba ili nitubu.

Mtakumbuka muhula wa pili chama kiliandaa mdahalo wenye hoja hii: "Fuma ni adui wa bahari, na wauawe." Mtetezi mkuu wa hoja nilikuwa mimi. Siku ile nilinguruma kama simba wa nyika. Nilipiga meza, nikataja miguu iliyochomwa, nikataja matumbawe yaliyotafunwa, na kura zilipohesabiwa tukawashinda wapinzani vibaya sana. Wenzangu wa kidato walinibeba juujuu mpaka bwenini. Lakini leo nasema mbele yenu nyote kwamba tulishinda kwa makelele tu. Mambo mengi niliyoyasema yalikuwa kweli, ila uamuzi nilioutoa ulikuwa wa kosa, tena kosa lenye hatari.

Kwa wenzetu waliotoka bara ambao hawajabahatika kumjua, fuma ni mnyama wa bahari, mviringo kama chenza, aliyejaa miiba mwili mzima. Hana kichwa wala macho kama yetu. Mdomo wake uko chini, tumboni, na tundu la kutolea uchafu liko juu, utosini. (Msicheke, ndivyo Mungu alivyomuumba.) Ukimkanyaga, mwiba huingia na kukatikia ndani, na hapo utawataja marehemu wa ukoo wako mmoja mmoja. Dawa yetu ya mitaani ni utomvu wa papai bichi, na subira.

Mimi ni mtoto wa Shimanzi. Nyote mwaijua Shimanzi yetu: magodauni, matangi ya mafuta, reli, malori usiku na mchana. Bahari tunayoiona sisi ni bahari ya meli. Mtoto wa Shimanzi atakwambia meli hii ni ya makontena na ile ni ya mafuta kabla hajaweza kukuonyesha pono na tafi. Kwa hivyo nilipokanyaga fuma mara ya kwanza, kule ng'ambo ya daraja la Nyali, nilimchukia kwa chuki ya mgeni. Nililala siku mbili mguu umefura. Na ndiyo sababu nilipopewa hoja ile niliipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nalipiza kisasi, basi.

Tuseme kwanza yale niliyoyasema kwa haki. Fuma anakula, bwana! Mdomoni ana meno matano yaliyopangwa kwa ustadi, na wanasayansi huuita mtambo huo "taa ya Aristotle" kwa kuwa mwanafalsafa huyo wa Ugiriki ndiye aliyeueleza zamani. Meno hayo hayaachi kuota, kwa hiyo hayaishi kwa kusagika. Chakula chake kikubwa ni mwani mfupi unaoota juu ya matumbawe yaliyokufa. Lakini fuma hachumi mwani kama mama anavyochuma mchicha. Hukwangua mwani pamoja na mwamba wenyewe. Ukimpasua tumbo utakuta unga mweupe wa matumbawe. Fuma mmoja akikwangua si neno. Fuma elfu wakikwangua kila siku, mwaka baada ya mwaka, mwamba unaliwa kama gogo linavyoliwa na mchwa.

Hayo niliyasema. Nisichokisema, kwa sababu sikukijua, ni kwamba neno "fuma" lenyewe linatudanganya. Twasema "fuma" kana kwamba ni mmoja, kumbe wako wa aina nyingi, kila aina ina tabia zake za kula, na wao kwa wao wana vita vyao.

Katika maji ya ndani ya mwamba wetu, watatu ndio waliochunguzwa sana. Wa kwanza ni mdogo, miiba yake mifupi na minene, rangi yake ya kahawia au zambarau, na hukaa ndani ya kijishimo alichokichimba mwenyewe. Wataalamu humwita Echinometra mathaei. Wawili wengine ni wale weusi wenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Mmoja huitwa Diadema setosum, na utamjua kwa pete ya rangi ya machungwa inayozunguka lile tundu la juu na madoa meupe matano mgongoni. Wa pili ni Diadema savignyi, ambaye hana pete hiyo bali ana mistari ya buluu inayong'aa. Hawa weusi mchana hujibanza mapangoni na chini ya mawe, usiku ndio hutoka kwenda kutafuta riziki. Yule mdogo hatembei sana. Hula palipo karibu na mlango wake na kudaka vipande vya mwani vinavyoletwa na maji. Na mwenzake akija kwenye shimo lake humsukuma mpaka atoke. Mwenye nyumba ni mwenye nyumba.

Sasa jiulizeni: wote watatu wanakula chakula karibu kimoja, mahali pamoja. Mbona mmoja hajawafukuza wenziwe wote? Swali hili alilichunguza mtafiti Tim McClanahan, aliyefanya kazi miaka mingi katika miamba ya Kenya, na majibu yake yakachapishwa mwaka 1988. Kwa ufupi ni hivi: wanagawana nyumba. Mdogo huchukua mashimo madogo, wakubwa huchukua mapango. Lakini kuna jambo la pili, na ndilo lililonivunja nguvu. Katika kushindania nafasi na chakula, bingwa ni yule mdogo. Wale weusi wenye miiba ya kutisha hawafui dafu mbele yake. Ila bingwa huyu ana udhaifu mmoja: ndiye anayeliwa na samaki kwa urahisi zaidi. Basi samaki wakiwapo, bingwa hapati kutamba, na wengine nao wanapata pa kuishi. Samaki wakiondoka, bingwa anatawala, anazaana, anajaza mwamba mzima, na wenziwe wanapungua.

Hakimu wa mashindano haya, kumbe, ni samaki. Na samaki mwenyewe ni nani? Wako kadhaa, lakini mkubwa wao ni kikande. Hasa yule kikande wa kijani mwenye mistari ya rangi ya machungwa, Balistapus undulatus kwa jina la kitaalamu. Ana meno magumu na ngozi kama turubali. Humkamata fuma, humpindua, na kumla kuanzia upande wa tumbo ambako miiba ni mifupi. Kazi hiyo anaifanya bila mshahara.

Hapa sina budi kuwasimulia yaliyonikuta mwezi wa Agosti, wakati wa likizo, kwa kuwa ndiyo yaliyoigeuza nia yangu.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mvuvi wa malema. Hutega upande wa Nyali, mahali ambapo uvuvi wa namna hiyo unaruhusiwa, nje ya mpaka wa mbuga ya baharini ya Mombasa. Nilimwomba anichukue siku moja. Alfajiri tukapanda ngalawa, maji yanakupwa. Nilipata kiburi cha kumweleza habari za mdahalo, jinsi nilivyowashinda watu. Alinisikiliza kimya mpaka mwisho, anapiga kafi tu. Kisha akasema:

"Haya. Ushawaua fuma wote. Kesho utategea nini?"

Sikumwelewa. Akanionyesha ndoo. Ndani mlikuwa na fuma waliopondwapondwa wakachanganywa na mwani. Kile ndicho chambo chake. Akatia chambo ndani ya lema jipya, akalizamisha, kisha akavuta lema la jana. Mlikuwa na tafi wawili, pono mdogo mmoja, na kikande. Wa kijani, mistari ya machungwa, anakoroma kwa hasira.

"Huyu," akasema mjomba, "haingii kwa jambo lingine. Aingia kwa sababu ya fuma. Zamani sisi hatukumtaka, ngozi yake ngumu. Tukimpata twamrudisha ama twawapa paka. Siku hizi samaki wazuri hawako, kila kitu ni samaki. Na yeye pia hapatikani. Waweza kukaa siku nyingi usimwone."

Nikaona jambo la ajabu. Twamponda fuma ili tumnase kikande, na tukishamnasa kikande, fuma wanaongezeka! Kisha twaenda darasani tukafanye mdahalo fuma wauawe. Waswahili husema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Huu wetu ni mwiba hasa, wa fuma.

Nikamwambia, "Mjomba, basi mrudishe." Nilidhani nimesema neno la hekima. Akaniangalia kwa muda, akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha.

"Nikimrudisha mimi, atanaswa na wa lema la pale mbele. Na wewe utarudi shule na nini? Huyu unayemuona ni karo yako, mwanangu."

Nilinyamaza. Ndugu wasomaji, naandika haya nikiwa na uchungu. Baba yangu hana kazi ya kudumu tangu nilipokuwa darasa la sita. Sehemu ya karo yangu inatoka kwa mjomba. Kwa hiyo meza niliyoipiga siku ya mdahalo, kalamu ninayoiandikia sasa, vimelipiwa na kikande. Mimi niliyesimama kumhukumu fuma ni mmoja wa waliomla hakimu wake.

Siku ile kikande hakurudishwa. Sitawadanganya ili hadithi yangu ipendeze.

Niliporudi nilianza kusoma na kuuliza kwa watu wanaojua. Niliyoyapata yamenionyesha kwamba hata kama tungewaua fuma kama nilivyotaka, tusingepata tulichokitarajia. Jaribio hilo limeshafanywa hapahapa kwetu. Watafiti, akiwamo McClanahan pamoja na mtaalamu wetu Mkenya Nyawira Muthiga ambaye amewachunguza fuma hawa kwa miaka mingi, waliwapunguza fuma kwa makusudi katika sehemu za miamba iliyovuliwa sana na pia ndani ya mbuga ya Mombasa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Ndani ya mbuga, ambako samaki wamelindwa, kuondoka kwa fuma kulifuatiwa na samaki kuongezeka. Lakini katika miamba iliyovuliwa, mwani ulipanda juu kwa kasi na kuyasonga matumbawe, kwa sababu samaki wa kuula hawakuwako wa kutosha. Yaani ukimfukuza mfagiaji mbaya na huna mwingine wa kumweka mahali pake, nyumba inajaa taka.

Mfano mkubwa zaidi uko mbali, katika bahari ya Karibi. Mwaka 1983 ugonjwa ulianza karibu na Panama ukawashika fuma weusi wa huko, jamaa wa hawa wetu. Kufikia mwaka 1984 walikuwa wamekufa zaidi ya 90 kwa kila 100 katika bahari ile nzima. Ningekuwa mimi wa muhula wa pili ningepiga vigelegele. Lakini Jamaika, ambako samaki wala mwani walikuwa wameshavuliwa kupita kiasi, kazi yote ya kufagia mwamba ilikuwa imebaki kwa fuma peke yao. Walipokufa, mwani ukafunika kila kitu. Kimbunga kilikuwa kimeshaivunja miamba ile mwaka 1980, na sasa ikakosa nafasi ya kupona. Matumbawe hai yaliyokuwa yamefunika karibu nusu ya mwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 yalibaki kama sehemu 3 kwa 100 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Na tusidhani ni mambo ya mbali tu: mwaka 2023 Diadema setosum, huyuhuyu wetu mwenye pete ya machungwa, alikufa kwa wingi kwa maradhi katika Ghuba ya Akaba, Bahari ya Shamu.

Hivyo fuma wakizidi ni balaa, na wakiisha ni balaa. Kinachotakiwa ni kiasi, na wa kuweka kiasi hicho ni samaki. Sisi na vyuma vyetu hatukiwezi.

Kuna na jambo la ushindani baina ya fuma na samaki wenyewe. Pono, kangaja na tafi nao wanakula mwani au majani ya bahari. Mtu angefikiri samaki mwenye mbio atamshinda fuma anayejikokota. Sivyo. Samaki anayeogelea mchana kutwa anahitaji chakula kingi. Fuma mwili wake ni wa polepole, aweza kuishi kwa kidogo sana. Basi wakiwa wengi, hukwangua mwani mpaka unabaki utando tu, na utando huo unamtosha fuma, lakini kwa samaki ni njaa. Ni kama ndugu wawili wanaokula sahani moja, mmoja ameshazoea kulala na njaa. Chakula kikipungua, yeye ndiye atakayebaki mezani.

Yuko na fuma mwingine, wa miiba mifupi, anayependa kujifunika vipande vya majani mgongoni kama bibi harusi. Huyo ni Tripneustes gratilla. Yeye hashughuliki na matumbawe, chakula chake ni majani ya bahari yale yanayoota mchangani ambako samaki wachanga hulelewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulieleza jinsi fuma hawa walivyojipanga safu katika maji ya ndani ya mwamba hapa Mombasa na kusonga mbele wakila majani, nyuma yao panabaki pamenyolewa. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Huku kwetu hata fahali hawapigani. Kikande ameondoka, na nyasi zinaumia.

Najua kuna watakaosema: "Wewe wataka kutuambia nini? Serikali ifunge bahari yote, wavuvi wafe njaa?" La, hasha. Ninakula jasho la mvuvi, siwezi kusema hivyo. Na kusema kweli, uchungu wa wavuvi juu ya mbuga hizi una msingi wake. Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968. Ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986, na mwanzo wa miaka ya 1990 uvuvi ukazuiwa kwa dhati katika eneo la kilomita 10 za mraba. Waliokuwa wakivua pale hawakuhama kwenda hewani. Walibanana na wenzao kwenye maji yaliyobaki. Mtu aliyenyang'anywa shamba la babu yake humlaumu akinung'unika?

Lakini macho hayana pazia. Ndani ya mbuga zile za zamani, samaki wamejaa na fuma ni wachache, kila mmoja amejificha shimoni kwake kwa adabu. Nje yake, mahali pengi, fuma wametapakaa mchana kweupe kama mahamri kwenye sinia. Maji ni yaleyale na jua ni lilelile. Tofauti yao kubwa ni samaki walioachwa hai.

Na si lazima ulinzi uje na bunduki kutoka juu. Wavuvi wa Kuruwitu, kule Vipingo katika Kaunti ya Kilifi, walikaa wenyewe katika miaka ya 2000 wakaamua kutenga kipande cha bahari yao wasikivue. Watu wa pwani tumepata neno letu zuri kwa jambo hilo: tengefu. Mwaka 2017 jumuiya yao ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hawakuambiwa na mzungu waache kuvua. Waliona samaki wanaisha, wakajiuliza watoto watakula nini.

Basi maoni yangu ni haya. Kwanza, tuache kuwaponda fuma ovyo tunapokwenda matembezi ya pwani. Nimeona wavulana wa shule wakiwapiga kwa vyuma na kushangilia, na mwaka jana mmoja wao nilikuwa mimi. Hatumsaidii mtu. Ukiogopa miiba, vaa viatu.

Pili, kikande arudishwe majini akiwa hai, lakini mzigo huo asibebeshwe mvuvi mmoja. Mjomba alisema kweli: akimrudisha peke yake, atanaswa na mwenziwe. Jambo hili ni la kuamuliwa na kikundi cha wavuvi wa kila bandari, wote wakubaliane siku moja, kama walivyokubaliana Kuruwitu. Malema yenye mwanya wa kuwatoa samaki wachanga yameshajaribiwa pwani yetu, yaweza kuongezwa. Na tusitarajie muujiza. Kikande akishaisha mahali, kurudi kwake huchukua miaka mingi, wala si mwaka mmoja au miwili. Huenda sisi tutakuwa tumeshamaliza shule na kuoa, yeye bado anajikusanya. Ndiyo maana ni afadhali tuanze sasa.

Tatu, sisi tunaokula tuna kazi yetu. Ukitumwa soko la samaki Mji wa Kale, ukaona mafungu ya vikande wachanga wasiotosha hata kiganja, usinunue. Muuzaji akiuliza sababu, mweleze. Mvuvi huvua kinachonunuliwa.

Nne, naiomba kamati ya chama irudie mdahalo ule. Safari hii hoja iwe: "Wavuvi walipwe au wasaidiwe wanapoacha kikande aishi." Hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Kumhukumu mnyama asiyeweza kujitetea ni rahisi, hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza. Kazi ni kukaa na mtu kama mjomba wangu, mwenye watoto na mpwa wa kumsomesha, mkatafuta njia ambayo yeye atakula leo na kikande ataishi kesho. Jibu kamili sina. Nikilipata nitaliandika katika toleo lijalo, nikijaliwa.

Nimalizie na habari ndogo. Jumamosi kabla sijarudi shule, nilikwenda tena na mjomba. Lema la tatu lilikuwa na vikande wawili, mmoja mkubwa, mmoja mdogo wa kiganja. Mkubwa alimtia ndooni bila kusema neno. Yule mdogo alimshika kwa muda, akanitazama mimi, akatazama kule mbele kwenye malema ya wenzake. Kisha akamtupa majini upande ule mwingine, mbali nayo.

"Huyo ni wako," akaniambia. "Mwambie asije akarudi kesho."

Sijui kama alirudi. Lakini nimeshaamua kwamba siku ya mdahalo ule mpya, nitakaa upande ule nilioushinda.

Wasalaam.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, mkaazi wa Shimanzi